Metali Kwenye Maji ya Kumwagilia: Zinavyotolewa kwa Utando wa Mafuta, na Wewe Mkulima Ufanye Nini



Kiangazi kilichopita kijana mmoja alinipigia simu jioni akiwa na furaha kweli kweli. "Afisa, nimepata shamba!" Ekari mbili, kando ya mfereji usiokauka mwaka mzima, na kodi yake ni nusu ya wanayolipa wenzake wa upande wa pili wa barabara. Alishapiga hesabu zote: spinachi na Chinese za kupeleka hotelini, mavuno kila wiki, pampu angeazima kwa kaka yake.

Nikamuuliza swali moja tu: "Huo mfereji unatoka wapi?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema unapita nyuma ya karakana wanazopaka vyuma zinki ili visishike kutu, halafu sehemu wanayotengeneza ngozi, ndipo unashuka bondeni. Kabla sijasema neno akaongeza: "Lakini afisa, nimeona video. Kuna mafuta yanavuta metali kwenye maji. Si naweza kuweka pipa la hayo mafuta kabla ya pampu?"

Swali zuri sana. Sikumcheka, na wewe usimcheke, kwa sababu teknolojia hiyo ipo kweli na inafanya kazi kweli. Inaitwa utando wa kimiminika. Lakini kama utaielewa vizuri, utaona mwenyewe kwa nini mahali pake ni kwenye bomba la kiwanda na sio kwenye pampu yako. Na utajua swali la kuuliza kabla hujalipa kodi ya shamba lolote lenye maji ya bei rahisi.

Kwanza: metali kwenye maji ni nini hasa?

Tukisema metali nzito (wengine wanaita madini mazito) tunamaanisha vitu kama risasi, kadimiamu, kromiamu, zinki, shaba na nikeli. Baadhi yake mmea unazihitaji kidogo. Zinki na shaba, kwa mfano, zimo hata kwenye mbolea za majani unazonunua duka la pembejeo. Tatizo ni kiasi. Kadimiamu na risasi zenyewe hazina kazi yoyote kwenye mmea wala kwenye mwili wa mtu.

Zikiwa kwenye majitaka, sehemu kubwa ya metali hizi huwa zimeyeyuka kama chumvi inavyoyeyuka kwenye chai. Chembe hizo zilizoyeyuka zinaitwa ioni. Huzioni, hazina harufu, na maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yakawa na metali nyingi.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Tumezoea uchafu wa aina moja, ule wa vijidudu, tukadhani dawa yake ndiyo dawa ya kila kitu. Sasa angalia:

- Ukichuja kwa kitambaa au wavu, unazuia tope tu. Ioni inapita kama chumvi inavyopita kwenye chujio la chai.
- Ukichemsha, maji yanapungua lakini metali inabaki. Yaani umeiongezea nguvu.
- Ukiweka klorini, unaua vijidudu. Metali haina uhai, hivyo huwezi kuiua.
- Ukisubiri ioze, utasubiri sana. Kinyesi kinaoza, majani yanaoza, hata viuatilifu vingi huvunjika baada ya muda. Metali haiozi. Leo ni kadimiamu, na mjukuu wako ataikuta ni kadimiamu.

Shika jambo hili moja, maana somo lote la leo limesimama juu yake: metali haiishi, inahama tu. Kila njia ya "kuondoa" metali kwenye maji ni njia ya kuihamishia mahali pengine. Kwa hiyo swali la maana siku zote ni hili: inahamia wapi?

Hesabu ndogo ya kukushtua

Tuchukue maji yenye kromiamu miligramu 1 kwa lita. Inaonekana ni kitu kidogo, si ndio? Miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa kila mita ya ujazo. Shamba la mboga linalomwagiliwa mwaka mzima linaweza kutumia kama mita za ujazo 4,000 kwa ekari. Maana yake umeleta kilo 4 za kromiamu kwenye ekari yako kwa mwaka mmoja. Miaka kumi, kilo 40. Maji yanatumika na mmea, mengine yanapanda hewani kama mvuke, lakini sehemu kubwa ya metali inabaki kwenye udongo wa juu, pale pale mizizi ilipo.

Ndiyo maana Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa viwango vya juu vya metali kwenye maji ya kumwagilia, vikikadiriwa kwa matumizi ya miaka mingi. Hivi ni baadhi, kwa miligramu kwa lita:

- Kadimiamu: 0.01
- Kromiamu: 0.1
- Shaba: 0.2
- Nikeli: 0.2
- Zinki: 2.0
- Risasi: 5.0

Usishangae risasi kuwa na namba kubwa. Viwango hivi vinaangalia zaidi mmea na udongo, na risasi hushikwa sana na udongo, haipandi kirahisi kwenye mmea. Haimaanishi kwamba risasi ni salama. Kwenye chakula chenyewe viwango vya kimataifa vya Codex ni vikali: mboga za majani zisizidi miligramu 0.3 za risasi na miligramu 0.2 za kadimiamu kwa kilo. Mnunuzi wa nje, hoteli kubwa au supamaketi inayopima mboga itaangalia namba hizi. Haitaangalia ukijani wa mchicha wako.

Sasa tuje kwenye mafuta

Mwaka 1968 mhandisi wa kemia aitwaye Norman Li, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mafuta Marekani, alipata hataza ya mbinu ya kutenganisha vitu kwa kutumia tabaka jembamba la kimiminika. Badala ya kutumia chujio la nguo au plastiki, alitumia kimiminika chenyewe kama ukuta. Mwanzoni lengo lilikuwa kutenganisha mafuta ya aina mbalimbali. Baadaye watu wakaona mbinu hiyo inafaa pia kutoa metali kwenye maji.

Inavyofanya kazi, hebu fikiria pantoni ya Kigamboni.

Upande wa Magogoni kuna abiria wengi. Hao ndio ioni za metali kwenye majitaka. Katikati kuna bahari, na hiyo ndiyo tabaka la mafuta, mara nyingi mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Upande wa Kigamboni kuna asidi kali, kwa mfano asidi ya salfuriki.

Ioni ya metali haiwezi kuogelea kwenye mafuta. Maji na mafuta havichanganyiki, na ioni ni ya ukoo wa maji. Kwa hiyo inahitaji pantoni. Pantoni hiyo ni kemikali maalumu iliyoyeyushwa ndani ya mafuta, tuiite kibebaji. Kinachofuata ni hiki:

1. Kibebaji kinafika ukingo wa majitaka kikiwa kimebeba ioni za haidrojeni. Kinazishusha, kinapakia metali. Kwa zinki moja kinashusha haidrojeni mbili.
2. Kikiwa na metali, kinavuka mafuta hadi upande wa pili.
3. Upande wa pili kuna asidi kali, yaani haidrojeni zimejaa zinasubiri. Zinamsukuma abiria ashuke na zenyewe zinapanda. Metali inabaki kwenye asidi.
4. Kibebaji kinarudi na haidrojeni kuchukua metali nyingine.

Umeona? Pantoni hairudi tupu. Na kinachoiendesha ni tofauti ya asidi kati ya pande mbili. Ndiyo maana metali inaweza kuendelea kuvuka hata pale upande wa pili unapokuwa tayari na metali nyingi kuliko upande inakotoka. Kawaida vitu hutoka palipojaa kwenda palipo pungufu. Hapa ni kinyume, na gharama yake inalipwa na asidi.

Faida yake ni kwamba metali inakusanywa mahali padogo. Chukua lita 1,000 za majitaka yenye zinki miligramu 200 kwa lita. Jumla ni gramu 200 za zinki. Zikihamishiwa zote kwenye lita 10 za asidi, unapata asidi yenye gramu 20 kwa lita. Hiyo sasa ni mali: kiwanda kinaweza kuirudisha kwenye kazi yake badala ya kuimwaga.

Kwa nini wanatengeneza "mayonezi"

Ukimwaga tu mafuta juu ya maji kwenye pipa, eneo ambalo maji na mafuta vinagusana ni dogo: ule uso wa juu tu. Pantoni moja kwa mji mzima. Foleni haitaisha.

Kwa hiyo wataalamu wanafanya hivi. Kwanza wanapiga asidi na mafuta kwa kasi sana, pamoja na kitu cha jamii ya sabuni kinachoshikilia matone yasiungane. Wanapata kitu kizito cheupe kama mayonezi, kinachoitwa emulsheni. Ndani yake kuna matone madogo mno ya asidi, kila moja limezungukwa na mafuta. Kisha emulsheni hiyo inamiminwa kwenye majitaka na kukorogwa taratibu. Inagawanyika kuwa vidonge vidogo, na kila kidonge kina maelfu ya matone ya asidi tumboni. Sasa eneo la kugusana ni kubwa sana, na metali inavuka kwa dakika chache.

Mwisho wanaacha vitulie. Emulsheni ni nyepesi, inaelea juu, na maji safi yanatoka chini. Emulsheni inapelekwa kwenye mashine yenye umeme wa volti kubwa, matone yanaungana, asidi yenye metali inajitenga, mafuta yanarudi kutumika tena.

Zipo aina nyingine pia. Mojawapo mafuta na kibebaji vinalowekwa kwenye vitundu vidogo vya karatasi ya plastiki, kama utambi unavyoshika mafuta. Kanuni ni ile ile.

Je, imewahi kufanya kazi nje ya maabara?

Ndiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Austria, kwenye kiwanda cha nyuzi za nguo cha Lenzing. Nyuzi hizo hutengenezwa kutokana na miti, na kwenye utengenezaji wake hutumika zinki. Majitaka yao yalikuwa na zinki. Miaka ya 1980, wataalamu Rolf Marr na Josef Draxler wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz walishirikiana na kiwanda kujenga mtambo wa emulsheni wa kuitoa. Zinki ikatoka kwenye maji ikarudishwa kwenye uzalishaji.

Hata hivyo nikuambie ukweli wote. Pamoja na uzuri wake, teknolojia hii haijaenea kama ilivyotarajiwa. Emulsheni ni kitu cha kubembeleza. Ukiikoroga sana matone yanapasuka, asidi na metali vinarudi kwenye maji. Ukiiacha muda mrefu inanyonya maji na kuvimba. Mafuta na kibebaji hupotea kidogo kidogo. Viwanda vingi bado vinatumia njia ya zamani: kuongeza chokaa au magadi makali mpaka metali igande na kuzama kama tope. Ni rahisi, ila inaacha tope lenye metali ambalo nalo lazima lipelekwe mahali salama. Unaona? Swali letu limerudi: inahamia wapi?

Kwa nini sio kwenye pampu yako

Turudi kwa kijana wetu. Ekari mbili za mboga wakati wa jua kali zinaweza kuhitaji milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni kama lita 40,000 kila siku. Sasa jiulize:

- Utapiga emulsheni ya kutosha lita 40,000 kila siku kwa mashine gani?
- Umeme wa volti kubwa wa kuivunja utautoa wapi bondeni?
- Asidi ya salfuriki utaihifadhi wapi, na watoto wanapita shambani?
- Mafuta yanayobaki kwenye maji yataenda wapi? Mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yanaunguza majani na kuharibu udongo. Utakuwa umetoa ugonjwa mmoja ukaleta mwingine.
- Na hata ukifaulu yote hayo, ile asidi iliyojaa metali utaimwaga wapi? Kwenye mfereji ule ule?

Ukiweka pipa la mafuta tu kabla ya pampu, bila kibebaji na bila asidi upande wa pili, ni bahari isiyo na pantoni. Hakuna kitakachovuka.

Mahali pa kazi hii ni kwenye bomba la kiwanda, kabla maji hayajaingia mferejini. Pale maji ni machache, metali ni nyingi, aina yake inajulikana, na kuna fundi na umeme. Metali ikishamwagwa mtoni ikachanganyika na maji mengi na tope, kuikusanya tena ni kama kuokota chumvi iliyomwagika baharini.

Gharama ya kuchelewa: Toyama, Japani

Kama unadhani natia chumvi, sikiliza habari ya wakulima wa mpunga wa bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, Japani. Juu ya mto kulikuwa na mgodi wa Kamioka uliokuwa ukichimba zinki. Pamoja na zinki hutoka kadimiamu, na hiyo ikashuka na mto hadi kwenye majaruba. Watu wakala mpunga huo na kunywa maji hayo miaka mingi. Waliougua zaidi walikuwa kina mama wa makamo na wazee: figo ziliharibika, mifupa ikawa laini na kuvunjika kwa jambo dogo tu. Ugonjwa ukaitwa *itai-itai*, yaani "inauma, inauma".

Mwaka 1968, mwaka ule ule Norman Li alipopata hataza yake, serikali ya Japani ilitamka rasmi kwamba chanzo ni kadimiamu ya mgodi. Kusafisha mashamba, kwa kuondoa au kufukia udongo ule na kuweka mwingine, kulichukua zaidi ya miaka 30 na kukakamilika 2012. Kuzuia mgodini kungekuwa kazi ndogo mno ukilinganisha na hiyo.

Hapa kwetu pia tuna mabonde ya mijini yanayopokea maji ya viwanda na bado yanalimwa mboga. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, limefanyiwa utafiti mara nyingi kwa sababu hiyo. Sisemi kila mchicha wa mjini ni sumu, hapana. Nasema usilime bila kupima.

Kosa langu mwenyewe

Nina sababu ya kulisema hili kwa mkazo. Nilipoanza kazi nilipewa kikundi cha kina mama waliokuwa wakilima mboga kando ya mkondo wa maji. Niliwafundisha matuta, nafasi ya kupanda, samadi, kudhibiti wadudu. Mboga zilistawi mpaka watu wakawa wanakuja kujifunza. Nilipiga picha nyingi.

Tulipompata mnunuzi wa maana, alichukua sampuli akapeleka maabara. Majibu yalirudi, akakataa mzigo wote. Risasi na kadimiamu vilizidi. Mama mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, wewe si mtaalamu? Ulikuwa hujui maji haya yanatoka wapi?" Nilikuwa sijui, kwa sababu sikuwahi kupanda na mkondo kwenda kuangalia. Sikuwa na jibu. Walikuwa wamelisha na watoto wao mboga hizo misimu miwili.

Kuanzia siku hiyo, kabla ya kuangalia udongo naangalia maji.

Ufanye nini: hatua kwa hatua

1. Tembea kufuata maji juu. Kabla ya kulipa kodi ya shamba, panda na mfereji kadiri unavyoweza. Tafuta karakana za magari na betri, viwanda vya ngozi, rangi, nguo na vyuma, sehemu za kuchenjulia dhahabu, dampo. Ongea na wazee wa eneo, waulize maji hubadilika rangi lini. Sehemu nyingine maji machafu hufunguliwa usiku.

2. Pima maji. Ongea na maabara kwanza wakuelekeze chupa na namna ya kuhifadhi sampuli. Kawaida hutumika chupa safi ya plastiki, unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujaza, na maabara huongeza asidi kidogo ili metali isigande pembeni. Usichukue sampuli moja tu. Chukua asubuhi na jioni, na usiache kupima kiangazi, maana masika mvua huyapunguza makali. Unaweza kuanzia maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, au Mkemia Mkuu wa Serikali. Taja metali unazotaka zipimwe. Ukisema tu "pima maji" utaletewa majibu ya vijidudu na chumvi.

3. Pima udongo pia. Maji ya leo yanaweza kuwa safi lakini udongo una historia yake. SUA Morogoro na TARI Mlingano wana maabara za udongo. Omba na pH.

4. Majibu yakizidi, badilisha maji. Hii ndiyo dawa hasa. Kisima (nacho kipimwe), maji ya mvua, bwawa dogo. Bwawa la kutulizia tope linasaidia kidogo, kwa sababu sehemu ya metali husafiri ikiwa imeshikana na tope, lakini ile iliyoyeyuka itabaki. Na tope la chini usilitumie kama mbolea.

5. Badilisha zao. Mboga za majani kama mchicha, spinachi, Chinese na saladi ndizo hubeba kadimiamu zaidi. Matunda kama nyanya, bamia na pilipili kwa kawaida hubeba kidogo kuliko majani. Kama udongo umeharibika zaidi, fikiria vitu visivyoliwa: miche ya maua, miti ya mbao, nyasi za bustani.

6. Tunza pH na samadi. Udongo wenye asidi huachia metali kirahisi. Ukiwa na pH chini ya 6, weka chokaa kwa kipimo utakachopewa na maabara ili ifike 6.5 hadi 7. Samadi na mboji iliyoiva husaidia kuishika metali isipande. Kumbuka, hii inapunguza tu, haiondoi. Metali bado ipo pale pale.

7. Angalia dalili kwa akili. Zinki ikizidi, majani machanga hugeuka manjano na mmea hudumaa. Wengi huongeza yurea wakidhani ni njaa ya naitrojeni. Kama umeweka mbolea vizuri na bado njano haiondoki, shuku maji. Ila usitegemee dalili, kwa sababu mboga yenye kadimiamu inaweza kuwa nzuri kuliko zote sokoni.

8. Mwagilia chini, osha mavuno. Risasi nyingi hufika kwenye jani kwa vumbi na udongo uliorukia. Matone au mfereji ni bora kuliko kunyunyizia juu. Osha kwa maji safi, sio ya mfereji ule ule.

9. Toa taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kumwaga majitaka yasiyofikia viwango. Andika tarehe, saa, mahali, ambatanisha majibu ya maabara, peleka kwa afisa mazingira wa halmashauri, NEMC na bodi ya maji ya bonde lako. Nendeni kama kikundi. Mtu mmoja ni rahisi kupuuzwa.

Na ukipata nafasi ya kukaa kikao kimoja na wenye kiwanda, usianze na matusi. Waulize: "Metali mnayoitoa kwenye maji inahamia wapi?" Mwenye mtambo mzuri, wa emulsheni au wa chokaa, atakuonyesha: asidi hii tunairudisha kiwandani, tope hili linachukuliwa na fulani, hizi hapa karatasi. Anayesema tu "tunasafisha" bila kuonyesha mahali, huyo bado hajasafisha. Ameihamishia kwako.

Kijana aliishia wapi?

Alipima. Alinung'unika kuhusu gharama, nikamwambia alinganishe na kodi ya mwaka, pampu na mbegu. Majibu yalionyesha zinki na kromiamu juu ya kikomo, tena sampuli ya jioni ilikuwa mbaya kuliko ya asubuhi. Shamba aliliacha. Amekodi ekari moja tu upande wa pili wa barabara, kodi ni kubwa, maji ni ya kisima. Analima spinachi.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya risiti ya hoteli. Chini akaandika: "Afisa, shamba la mfereji limechukuliwa na mtu mwingine. Nimempa namba yako."

Bado hajanipigia. Kama ni wewe unayesoma hapa, ndugu yangu, nipigie kabla hujapanda.